Gia Isiyotaka Kuachia

Katika mji wa Sheffield, nchi ya Uingereza, palikuwa na kiwanda cha Laycock, kilichofanya chombo cha chuma cha kufungwa nyuma ya sanduku la gia za motokaa. Aliyekibuni ni Edgar de Normanville, na jina lake chombo hicho ni ovadraivu. Motokaa nyingi za zamani zilikuwa nacho, na mojawapo ni Triumph TR2, gari dogo la wazi la watu wawili, lililoundwa Coventry tangu mwaka 1953 hata 1955. Magari hayo yangaliko, na wenyewe huyatunza kama mtu atunzavyo urithi wa babu yake.

Kazi ya chombo hiki ni kuipumzisha injini. Gari likiwa katika gia ya juu, na njia ikiwa nyeupe, dereva hugusa swichi tu. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hushuka hata mara 2,460, wala magurudumu hayapunguzi mwendo. Petroli huhifadhika, na makelele hupungua.

Siri yake imo katika meno. Katikati pana gurudumu dogo liitwalo jua. Kandokando yake yapo magurudumu matatu yaitwayo sayari, yamefungwa katika kiti kimoja kinachozungushwa na injini. Nje ya hayo yote ipo pete kubwa yenye meno upande wa ndani, nayo ndiyo ipelekayo nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Jua limeunganishwa na klachi yenye umbo kama pia wachezeayo watoto. Kwa desturi springi ngumu huisukuma pia hiyo nyuma, ikashikamana na ile pete, vyote vikazunguka pamoja kama kitu kimoja. Lakini swichi ikiguswa, sumaku ya umeme hufungua kilango cha mafuta, na mafuta yenye nguvu ya zaidi ya ratili 300 kwa kila inchi ya mraba huzishinda springi, yakaileta pia mbele hata ikakaza juu ya duara la breki lisilozunguka kamwe. Basi jua husimama. Sayari hutambaa kulizunguka jua lililosimama, nazo huisukuma pete iende mbio kuliko kile kiti.

Taabu huja siku ile dereva azimapo swichi na sauti ya injini isibadilike. Pia imeng'ang'ania breki. Mtu asiyejua huona si kitu, maana gari laenda, tena laenda vizuri; huingia nalo uani, akalala usingizi. Kesho yake hutia gia ya kurudi nyuma, na hapo ndipo hulipa gharama kubwa.

Ukitaka kujua sababu, fahamu kwamba kati ya kiti na pete mna vyuma vidogo vya mviringo, vinavyobana upande mmoja na kuachia upande wa pili. Gari likienda mbele katika ovadraivu, pete hukitangulia kiti, na vyuma vile huachia. Gari likirudi nyuma, mambo hugeuka: jua lililosimama hulazimisha pete iende mbio kuliko kiti, lakini vile vyuma hubana, vikataka viwili hivyo viende sawasawa. Amri mbili zimekutana katika chombo kimoja, na hapana ya kusalimu amri. Lazima kitu kivunjike. Kwa hiyo gari la namna hiyo lisirudishwe nyuma hata kidogo, wala kwa injini wala kwa kusukumwa na watu.

Fundi mwenye akili haanzi kwa kufungua bolti. Kwanza huchomoa waya upelekao umeme kwenye sumaku. Kama ovadraivu ikiachia, ubovu umo katika umeme: pengine swichi, pengine waya uliochubuka ukagusa waya mwingine wenye moto. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na ni bahati njema. Wako mafundi warukao hatua hii kwa kuwa wanapenda spana kuliko kufikiri.

Isipoachia, huitazama sumaku yenyewe. Ubavuni mwa chombo pana mkono mdogo wenye tundu, na nyuma yake kuna tundu jingine katika chuma. Sumaku ikivuta, ufito wenye unene wa 3/16 ya inchi sharti upite matundu yote mawili bila kulazimishwa. Mkono uliofungwa juu mno hukiacha kilango wazi siku zote. Uliofungwa chini mno huizuia sumaku isimalize safari yake, na waya mnene ulio ndani yake huendelea kula umeme mwingi hata ukaungua.

Baada ya hapo hukiendea kilango. Lakini kabla ya kufungua kizibo chake, huzima injini, hurudisha umeme, na kuiwasha na kuizima swichi mara kumi au kumi na mbili, ili mafuta yapoteze nguvu zake. Asipofanya hivyo yatamrukia usoni. Kisha hutoa springi na gololi, akakiinua kilango polepole kwa waya. Kina tundu dogo mno ubavuni, na kupitia hapo mafuta hurudi baada ya kazi. Uchafu mdogo ukiliziba, mafuta hayana njia, na pia haiachii. Huoshwa kwa petroli, hupulizwa, hurudishwa.

Ikiwa kilango ni safi na pia bado imeng'ang'ania, hasa pia iliyotiwa bitana mpya, fundi hulala chini ya gari akaligonga lile duara la breki kwa nyundo ya ngozi, hapa na pale, si kwa hasira. Mara nyingi huachia kwa mlio mkavu.

Isipoachia hata hapo, chombo hapana budi kitoke. Katika TR2 hutolewa kwa ndani: viti huondolewa, na zulia, na kifuniko cha sanduku la gia, kisha watu wawili hulinyanyua sanduku pamoja na ovadraivu yake, wakaliweka juu ya meza, na springi hutazamwa moja moja.