Doa la Kusafishia

Waswahili husema filamu husafishwa. Neno hilo lilimkaa vibaya mpiga picha mmoja wa Karatu, usiku alipoziba dirisha la chumba chake kwa blanketi, kwani dawa aliyokuwa akiiandaa hutia doa.

Filamu ilikuwa moja tu. Alfajiri alipita lango la Loduare pamoja na baba yake, wakateremka kiasi cha mita 600 hadi sakafu ya kreta ya Ngorongoro, ambako mzee aliwaendesha watalii miaka mingi mpaka mtoto wa jicho ulipomtoa kwenye usukani. Kwenye saa nne mzee aliketi dirishani, uso umo kivulini mwa gari, na nyuma yake Ziwa Magadi likiwaka weupe. Kijana aliupimia mwanga uso wa baba. Ziwa, kwa dawa ya kawaida, lingetoka karatasi tupu. (Dawa za kawaida si mbaya, harusi na pasipoti zimeishi kwazo.)

Pirogaloli imesafisha picha tangu karne ya 19. Inapoigeuza chumvi ya fedha kuwa fedha nyeusi, yenyewe huoksidika na kuacha rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, kwa kadiri ya fedha iliyopo, mfano wa hina inayokolea zaidi kiganjani. Wakati wa kuchapa, rangi hiyo huuchuja mwanga, hata palipong'aa kupita kiasi pakabaki na mistari yake. Ni sumu, nayo hupenya ngozini, kwa hiyo alivaa glavu. Huamshwa kwa kabonati ya sodiamu, ndugu wa magadi yaleyale ya ziwani na ya chungu cha maharage. Ikishachanganywa hugeuka kahawia upesi, wala haingoji mwenye kusitasita.

Dakika zikatimia, filamu ikaoshwa, taa ikawashwa. Ilitoka na rangi ambayo studio yoyote ingeiomba radhi. Uso ulikuwa mwepesi, kila kunjo mahali pake. Ziwa lilikuwa zito, jeusi, na ndani ya weusi huo nukta nukta.

"Ziwa limetoka?" mzee aliuliza nje ya mlango.

"Limetoka, baba."

"Na heroe?"

"Nao wapo."

Mzee akanyoosha mkono aishike.

"Ngoja ikauke kwanza, baba."