Kirukia katika mwembe wa wakfu

Ifikapo Septemba, nyika ya Usangu huwa imekauka. Mpunga umekwisha kuvunwa, vumbi limetanda kandokando ya barabara kuu, na migunga mingi imebaki matawi matupu. Hapo ndipo kirukia huonekana vizuri. Juu ya mti usio na jani hukaa kichaka cha kijani kibichi, cha mviringo, kana kwamba kwake mvua haikukatika. Jina lake linamfaa, kwani hakioti ardhini. Maisha yake yote ni ya kuhama kutoka tawi hadi tawi.

Hapa Rujewa kirukia kimetugharimu vikao viwili vya kamati ya msikiti. Mwembe ulio upande wa madrasa ni wakfu. Kivuli chake ndicho darasa la watoto wakati wa joto, na embe zake huuzwa ili kununulia juzuu na chaki. Mwaka huu matawi yake manne yameshikwa na virukia, na ncha za baadhi ya matawi hayo zimekauka. Mzee wetu mmoja akasema, "Katibu, mti ulioingiwa na mnyonyaji haufai tena. Ukatwe, kuni zipikie futari." Akina mama walipinga kwa sauti moja, kwa kuwa wao ndio wanaojua watoto hurudi nyumbani na hali gani wanaposomea juani.

Kabla ya kikao cha pili akaja mtu kuomba kirukia hicho hicho. Aliambiwa kwamba kilichoota juu ya mti wa msikiti kina nguvu ya kuvuta wateja dukani, akitaka akifunge kitambaani na kukitundika mlangoni. Tulimkatalia kwa upole. Kutafuta tiba ya mmea kwa mtu ajuaye kazi yake si jambo la kulaumiwa, lakini kutundika jani na kulitegemea lilete riziki ni mlango wa shirki, na Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya juu ya hirizi kwa maneno yasiyo na utata. Tena ingekuwa ajabu hirizi hiyo itokane na mti wa msikiti!

Tukarudi kwenye mti wenyewe. Kirukia kina majani yake, nayo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama majani ya mti mwingine wowote. Kinachochukuliwa kwa mwenyeji ni maji na madini. Kwa hiyo ni mgeni anayejipikia mwenyewe, ila anateka kwenye mtungi wa mwenye nyumba. Mtungi ukiwa umejaa, mwenye nyumba hahisi. Wakati wa kiangazi, wageni wakiwa wengi, tawi huanza kufa kuanzia nchani. Miongoni mwa virukia vya asili vya upande wetu huu wa dunia iko aina ambayo wataalamu huiita Erianthemum dregei, yenye maua ya manyoya, inayopatikana kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini.

Maua yake hutembelewa na chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda. Tunda huliwa na vitororo na ndege wengine. Mbegu imezungukwa na utomvu unaonata kama ulimbo, hivyo ndege anapoitoa hulazimika kuipangusa juu ya tawi. Hapo hapo huota na kupenyeza mguu wake ndani ya gome hadi kwenye mti hai. Ndiyo sababu kukinyofoa kwa mkono hakufai kitu: sehemu iliyobaki ndani huchipua tena.

Mzee wetu aliposikia habari za ndege aliuliza, "Sasa nyinyi vijana mnataka kutuambia kina faida?" Tukamjibu, "Ndiyo, mzee wetu, kinayo." Huko Australia watafiti waliondoa virukia vyote katika baadhi ya misitu, wakaiacha mingine ilivyo. Baada ya miaka 3, misitu iliyosafishwa ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi moja ya aina za ndege wakaazi wanaotegemea msitu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Majani ya kirukia huanguka yakiwa bado na rutuba, wadudu huongezeka chini ya mti, na ndege hupata chakula. Hapa Usangu, mgunga wa porini unauawa na shoka la mchoma mkaa, si na kirukia, na hatuoni sababu ya kukihukumu kwa kosa la mwingine. Tena Muislamu anayepanda mti hupata thawabu ya sadaka hata kwa kile wanachokula ndege.

Lakini mwembe wa madrasa ni amana, nao unatakiwa uishi. Tulikubaliana matawi yakatwe kiasi cha sentimita 30 chini ya pale kirukia kilipojishika, kabla matunda yake hayajaiva. Vijana walipanda Jumamosi asubuhi wakakata matawi matatu. Majani ya virukia waliliwa mbuzi wa jirani kwa furaha kubwa. Tawi la nne liko juu mno, nalo ndilo linalotia kivuli ubao wa madrasa. Mzee anataka likatwe. Akina mama wanataka libaki hadi mvua zinyeshe. Kikao cha tatu kitakuwa Ijumaa baada ya swala.