Tulipolaza Mlingoti Makupa

Sisi watoto wa Bondeni, Nakuru, jina la mtaa lilitudanganya: bonde lipo, mto wa chombo hamna. Maji yetu yalikuwa lile ziwa la magadi na heroe wake. Kwa hiyo nilipopelekwa likizo Mombasa, Agosti 1981, kwa mjomba aliyekuwa mvuvi Tudor, sikuwa nimewahi kukanyaga chombo.

Basi lilivuka Makupa alfajiri. Maji kulia, maji kushoto, katikati barabara na reli.

"Mjomba, kisiwa kiko wapi?"

"Ushakiingia. Wazungu wamekitia kamba."

Kamba ndiyo kozwei, tuta lililojazwa mwaka 1929 mahali ambapo reli ilikuwa ikivuka kwa daraja. Mjomba alisimuliwa na babake kwamba zamani mitumbwi ikipenya pale chini, watu wameinama. Tuta halina chini. Ukiwa Tudor nawe una shughuli Kipevu, ng'ambo tu ya barabara, ilikubidi ukizunguke kisiwa kizima: Nyali, Mji wa Kale, nje baharini, urudi ndani kwa Likoni na Kilindini.

Siku moja alinichukua nianze naye mzunguko huo. Nilitapika kabla ya Mji wa Kale, akanirudisha. Lakini Nyali naikumbuka. Daraja jipya la zege lilikuwa na mwaka mmoja tu. Lile la 1931 lilielea juu ya maboya, limelala majini kama mkeka. Mjomba alipita chini ya nguzo tanga limejaa upepo, hata foromali hakuigusa. Alitazama juu kwa kiburi, utadhani kajenga yeye.

Makupa ikabaki vile vile. Taka za jaa la Kibarani, pale kando, zikapanda kuwa kilima, tuta likazeeka, mjomba akafa. Hatimaye likajengwa daraja, likafunguliwa mwaka 2022, tuta likakatwa. Miaka 93! Waliozungumzia foleni ya malori walikuwa wengi; mimi nilimpigia binamu yangu simu kuuliza kimo. Kutoka majini hadi tumbo la daraja, pana nafasi gani?

"Inategemea maji," alinijibu. "Njoo uone."

Nikaenda Desemba iliyofuata. Ilikuwa bamvua. Tulingoja maji yapwe kiasi, maana yakijaa sana daraja hukushukia kichwani, na yakitoka sana mkondo ni mkali. Hata hivyo binamu hakutaka kubahatisha. Alishusha tanga, tukaulaza mlingoti, nikaushika kwa mikono miwili kama mtoto aliyebebeshwa mbuzi. Juu malori ya bandarini yakanguruma. Chini palikuwa na baridi na harufu ya tope.

"Baba angekataa kulaza," binamu alisema.

Tulipotokea ng'ambo tukausimamisha mlingoti. Upepo ulikuwa umekufa. Tukapiga makasia.