Kamera ya Gramu 899

Mzee aliyenifundisha kupiga picha alipofariki, familia ilitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Za studio zilikuwapo tele, zote kavaa koti na kukaza uso. Wajukuu wakaziacha. Wakachagua moja niliyompiga akiwa barazani kwake anachambua ubuyu, kichwa kimeinamia ungo, anacheka na jambo alilolijua mwenyewe. Niliipiga kutoka ng'ambo ya barabara, kwa kamera ambayo tangu siku ya kwanza alipoiona aliiita "ya mtalii". Alipoonyeshwa picha hiyo enzi za uhai wake, alisema nimemwibia.

Ugomvi wetu ulidumu miaka na haukwisha. Sasa nimebaki peke yangu kuusimulia, nami nitajitahidi kutenda haki, ingawa sitaficha kwamba hadi leo naona mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa Haneti, kaskazini mwa Dodoma kwenye njia ya Kondoa. Nikachunga mbuzi, nikafukuza ndege kwenye uwele, nikamaliza darasa la saba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nikaenda mjini kwa mjomba, na mjomba akanipeleka kwenye studio ya Mzee kufagia.

Miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse filamu. Mzee alikuwa na Yashica ya lenzi mbili, ile unayoitazamia kwa juu ukiwa umeinama, na roli moja ya filamu ya 120 ilitoa picha 12. Ukiharibu mbili, umekula faida. Kwa hiyo hakuna aliyebonyeza kabla ya kufikiri. Alinifundisha kusafisha picha kwenye chumba cha giza, kuzitikisa ndani ya dawa chini ya taa nyekundu, kuzianika kambani. Lakini somo lake kubwa halikuwa la dawa. Lilikuwa la miguu. Yashica ile haikuwa na zoom. Ukitaka uso wa mtu, uende ulipo. Umsalimu, uulize habari za nyumbani, uulize mvua, ukubali kiti, ndipo ufungue kamera. "Miguu ndiyo lenzi, kijana," alikuwa akiniambia, na mimi nikaitikia, kwa sababu aliyekuwa akinilisha ni yeye.

Kuna msemo maarufu wa Robert Capa kwamba picha yako ikiwa haitoshi, basi hukusogea karibu vya kutosha. Mzee aliupenda mno. Sikuwahi kumkumbusha kwamba Capa alikufa mwaka 1954 huko Vietnam, kwa kukanyaga bomu lililotegwa ardhini, akiwa ametangulia mbele kutafuta picha. Mfano wake mwingine ulikuwa Mohamed Amin, aliyeanzia kazi Dar es Salaam, akapoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, akarudi kazini na mkono wa bandia akibeba kamera ya video. "Yule ana mkono mmoja habari za uzito hazungumzi," Mzee alisema, "wewe mwenye miwili unalalamika?" Jibu la maneno hayo sikulipata haraka.

Nilipofungua studio yangu nilifuata mkumbo kama wenzangu wote. Filamu zilipokwisha thamani nikanunua, kwa mkopo, Nikon D700, lenzi ya 24–70, lenzi ya 70–200 yenye f/2.8 na flashi kubwa. Piga hesabu: bodi karibu kilo moja, lenzi ndogo gramu 900, kubwa kilo moja na nusu, flashi gramu 415. Karibu kilo nne, bila betri za akiba, begi wala stendi. Kwa harusi mjini, zana hizo hazina mshindani. Kanisani saa kumi na mbili jioni, mwanga hafifu, bibi harusi kajifunika shela, mfano wa D700 ndio unaokula kazi. Hilo sitalipinga hata nikiamshwa usiku wa manane.

Taabu yangu ilikuwa nje ya mji. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa kweli, kazi za mikutano na ziara ziliongezeka, na vijana wengi wenye zana nzito wakaja mjini. Mimi nikaanza kupendelea za vijijini: kipaimara Itiso, ngoma Haneti, wachimbaji wa jiwe la kijani kilimani kwetu, ndege kwenye mibuyu. Huko unapanda bodaboda, kisha unapanda kilima kwa miguu. Kila jioni bega la kulia lilikuwa limekufa ganzi. Na ukishachoka, begi hulifungui. Unaiona picha, unajiambia nitaipata mbele, unapita. Picha nyingi nzuri ambazo sikuzipiga zilikosekana hivyo, na sidhani ni mimi peke yangu. Hesabu hiyo hakuna anayeifanya dukani.

Nikon ilitoa Coolpix P900 mwaka 2015. Mimi niliipata baadaye, ya mtumba, Kariakoo. Gramu 899 pamoja na betri. Lenzi haibadilishwi, lakini inaanzia upana wa 24 mm na kufika sawa na 2000 mm. Wasiojua maana ya namba hiyo waulize habari za lenzi ya Canon ya 1200 mm yenye f/5.6, ya mwaka 1993: ilikuwa na uzito wa kilo 16 na nusu, na bado inaishia njiani, kwenye asilimia 60 ya safari hiyo. Ujanja uko kwenye kihisi. Cha D700 kina milimita 36 kwa 24; cha P900 ni kidogo mara 30 hivi. Kihisi kikiwa kidogo, lenzi fupi na nyepesi huona mbali. Bei yake ni mwanga. Zoom ikifika mwisho, tundu la lenzi halizidi f/6.5, na jua likishazama picha inajaa chengachenga. Tena P900 haihifadhi faili ghafi, ni JPEG tu, kwa hiyo ukikosea mwanga hakuna pa kukimbilia.

Sasa nizungumze na vijana, maana wananiletea kamera hizi wakilia kwamba ni mbovu. Hitilafu ni mchana. Dodoma saa saba hewa inachemka juu ya ardhi, na ukivuta 2000 mm unapiga hewa hiyo, si ndege. Picha inatoka imeyeyuka, nanyi mnailaumu lenzi. Amkeni. Piga kabla ya saa tatu asubuhi, au subiri saa kumi na moja jioni. Kaa chini, viwiko juu ya magoti, mkanda ukaze shingoni, toa pumzi, bonyeza mwisho wa pumzi. Ukimpoteza ndege ndani ya kioo, usitafutetafute: kuna kitufe ubavuni mwa lenzi kinachorudisha zoom nyuma, unamwona, unakiachia, inarudi palepale. Ndivyo nilivyowapata wale kasuku wadogo wenye ukosi wa njano wanaotaga kwenye mashimo ya mibuyu, ndege wa Tanzania hasa hawa, na wachuuzi wa mawe walipotaka picha ya jiwe moja kiganjani, kamera hiyohiyo ilisogea hadi sentimita moja, rangi ya kijani ikasimama. Kijani kile kinatokana na nikeli, na taa ya flashi hukiua. Peleka jiwe kivulini.

Lakini Mzee hakugombana nami kwa ajili ya ndege wala mawe. Aligombana kwa ajili ya watu.

Kina mama wa kwetu wakipiga muheme, ngoma katikati ya magoti, ukiwakaribia na lenzi nene nyeusi mbele ya uso wao, wanabadilika. Mmoja anarekebisha kitenge, mwingine anacheka, mwingine anasubiri uondoke. Mimi nilikaa chini ya mti upande wa pili wa uwanja, nikavuta, nikapata jasho, macho yaliyofumbwa, mikono isiyojua kama inatazamwa. Nilipomwonyesha Mzee aliziangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Nzuri. Nani alikupa?"

Nikamjibu kwamba asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikakaa na wazee, nikaomba, nikakubaliwa, na kina mama wakaambiwa. Akasema kukubaliwa na mwenyekiti si kukubaliwa na mwenye uso. Mtu anayekuona unampiga anaweza kugeuka. Huyu uliyempiga kutoka mtini umemnyima hata nafasi ya kugeuka. Nikasema, na bado nasema, kwamba mtu anapoombwa asubuhi na kusahau mchana, kusahau kwake ni zawadi anayonipa, nami nisipoipokea nabaki na picha za watu waliokaza uso. Akasema zawadi hupokewa kwa mikono miwili, si kutoka ng'ambo ya uwanja.

Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na vijana wanadhani hoja ya Mzee imeletwa na mawakili. Wasome vizuri, yeye aliianza na Yashica. Niseme wazi: zoom ndefu bila salamu ya asubuhi ni uchungulizi, na atakayeniletea picha ya namna hiyo sitaitazama. Hapo Mzee na mimi tulikuwa kitu kimoja. Tulipoachana ni pale nilipodai kwamba umbali nao unaweza kuwa heshima.

Kuna ofisi moja, sitaitaja, iliyowahi kunizuia mlangoni kwa sababu kamera yangu "si ya kitaalamu". Mlinzi hakuwa na makosa, alipewa orodha. Niliyakumbuka hayo msibani, nilipomwona mmoja wa walioitunga orodha hiyo amesimama mbele ya jeneza, akimwambia mwenziwe kwamba picha ile imepigwa na fundi. Nikanyamaza.

Zana nzito nimemwuzia kijana anayepiga harusi Chamwino. Zinamfaa. Amelipa nusu. Nikimpigia simu kuulizia iliyobaki husema yuko kazini, nami naamini, maana nyuma yake nasikia MC. Tumekubaliana amalize Desemba, harusi zikichanganya.