Kutoka Nguzo Hadi Nguzo

Mwaka jana tulimzika jirani yetu hapa Charambe, Mbagala. Nilitia bega chini ya jeneza, na kabla ya hatua 100 nikalazimika kupisha. Pumzi ilikuwa imekwisha. Nina miaka 46; aliyenipokea alikuwa mzee wa miaka 60 na ushei.

Kesho yake, baada ya Swala ya Alfajiri, nilianza kukimbia. Nilikimbia kwa hasira, bila kusita, hadi kichomi kikaniinamisha kando ya Barabara ya Kilwa. Siku ya tatu magoti yakagoma.

“Mjomba, unakimbia kama mtu anayefukuzwa,” alisema mpwa wangu, mwalimu wa michezo. Akanielekeza: tembea dakika tano mwili upate joto, kimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili, kisha tembea nguzo mbili, rudia mara sita. Siku inayofuata, pumzika. Unapotembea moyo hutulia, misuli hupata nafuu, na mwisho unakuwa umekimbia zaidi ya yule aliyejikaza akaishia njiani. Nikaona haya kutembea mbele za watu. Akanikumbusha Emil Zátopek, mshindi wa dhahabu tatu Helsinki mwaka 1952: naye alijijenga kwa vipande vifupi, akipunguza mwendo katikati.

Wiki ya kumi nilikuwa nakimbia nguzo tatu, natembea moja.

Mwezi uliopita tulimzika mzee yule aliyenipokea. Nilipopisha wenzangu, ilikuwa ni kugawana thawabu tu.