Wapigaji Wawili, Kasha Moja

Wako watu wanaosema kwamba kupiga santuri za wengine si sanaa, kwa kuwa mpigaji hakutunga wala hakuimba. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni kasha moja la CD mbili liitwalo The Annual. Lilitolewa mwaka 1995 na Ministry of Sound, ukumbi wa disko uliofunguliwa mwaka 1991 mtaa wa Elephant and Castle, kusini mwa London. CD moja ilichanganywa na Pete Tong, nyingine na Boy George.

Tong ni mtu wa redio, aliyeanza kipindi chake cha muziki wa disko BBC Radio 1 mwaka 1991. Watu wa London wamelitia jina lake katika misemo yao ya vina: mambo yakiharibika husema yamekuwa Pete Tong, na mwaka 2004 ikatoka hata sinema yenye jina hilo. Boy George yeye alikuwa mwimbaji wa Culture Club, kofia kubwa na rangi usoni, na mwaka 1983 wimbo wake Karma Chameleon ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. La ajabu ni kwamba wote wawili walizaliwa pande za kusini-mashariki ya London, Tong mwaka 1960 na mwenzake 1961.

Muziki wa house hauna mapigo mengi ya kumchanganya mtu. Ni ngoma moja nzito, nne kwa nne, mara 120 hadi 130 kwa dakika. Mpigaji ana mashine mbili za santuri. Moja inasikika ukumbini, ya pili anaisikia yeye peke yake sikioni, na kwa kitelezi kidogo huipunguza au kuiongeza mwendo, asilimia 8 tu kila upande, mpaka ngoma zote mbili zianguke pamoja. Hayo mtu hujifunza kwa kukesha. Kazi yenyewe inakuja baadaye: lini uiingize ya pili, lini uiondoe besi ya kwanza ili mbili zisigombane, na je, umpe mchezaji kile anachokingoja au umnyime kidogo.

Wakati ule nilipanga chumba kimoja na kijana wa Mombasa, tukifanya kazi za usiku, na kasha lile tulilinunua kwa kuchanga. Yeye alikuwa wa Boy George. Alisema huyu ameimba, anajua koo la mtu linapotaka kupumzika. Mimi nilikuwa wa Tong, kwa sababu kwake sikuona haraka. “Wewe bwana,” alikuwa akiniambia, “unapenda mtu anayefunga mlango taratibu.” Pengine alisema kweli. Tulibishana miezi, na ubishi ule ndio uliotuzuia kuzungumza habari za nyumbani, ambazo kwa wote wawili hazikuwa njema.

Jambo moja tu tulikubaliana. Kwenye jalada majina ya wapigaji yalikuwa makubwa, na ya wenye nyimbo madogo. Nalo si dogo hilo, kwani muziki huu ulizaliwa Chicago, na jina lake inasemekana limetokana na ukumbi wa Warehouse, alikopiga Frankie Knuckles kuanzia mwaka 1977, mbele ya vijana weusi na Walatino, wengi wao mashoga, ambao kumbi nyingine hazikuwataka. Hadi ulipofika London na kuwekwa kashani, aliyeutengeneza amekuwa mstari mmoja wa herufi ndogo. Mwenzangu alikuwa na tabia ya kuyasoma majina yale kwa sauti kabla ya kuweka CD, kama anayeita mahudhurio darasani. Nilimcheka mwanzoni.

Alipohamia mji mwingine kufuata kazi, tuligawana. Alichukua CD ya Boy George pamoja na kasha, maana ndiye aliyekuwa na safari. Mimi nikabaki na ya Tong, nimeifunga kwa karatasi ya gazeti. Alifariki mwaka 2011. CD ninayo na bado inapiga, ila katika nyimbo zake zote naweza kutaja watungaji wa mbili tatu tu, zile nilizozikariri kwa kumsikia yeye.