Pikipiki ya Msikiti Katika Njia ya Mgunda Mkali

Kijiji chetu kiko kusini ya mji wa Itigi, upande wa kwenda Mitundu, katika ile sehemu ya mkoa wa Singida ambayo misafara ya zamani iliiita Mgunda Mkali, yaani shamba kali. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora waliiogopa kwa sababu maji yalikuwa mbali na vichaka vilikuwa vizito. Burton na Speke walipita huku mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, nao wakaandika habari za ukali wake. Vichaka vyenyewe bado vipo. Si msitu wa miti mirefu. Ni miti midogo iliyoshikamana, ambayo wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote ikabaki ya kijivu, na mvua zikinyesha hufunga kiasi kwamba mbuzi akiingia hatua tano humwoni tena. Baadhi yetu tulizaliwa pwani, tukaja huku kwa kazi ya ualimu, na mwaka wa kwanza tulidhani tumetupwa. Leo tunaona hata korosho, zao la kwetu, likipandwa Manyoni, na tumezoea kusema "kwetu" tukimaanisha huku.

Katika nchi ya namna hii pikipiki si anasa. Maalim wetu anahudumia vijiji vinne. Jumatatu na Jumanne yuko madrasa ya kwetu, siku nyingine yuko kwingine, na kati ya siku hizo kuna ndoa, aqiqa na maziko. Maiti haisubiri. Mgonjwa naye hasubiri: mara ngapi mama mjamzito amepakiwa katikati ya dereva na shangazi yake, usiku wa manane, kuelekea hospitali ya Mtakatifu Gaspari pale Itigi, hospitali ya wamisionari wa Kikatoliki ambayo imewapokea wake zetu na watoto wetu bila kuuliza dini ya mtu. Kwa hiyo msikiti wetu ulikuwa na pikipiki tangu zamani. Nayo ndiyo iliyotuletea mtihani.

Pikipiki ile ya kwanza ilinunuliwa kwa michango ya waumini, ikaandikwa kwa jina la mhazini wetu, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mjini kuinunua na ndiye aliyekuwa na vitambulisho mkononi. Hakuna aliyeona ubaya. Alikuwa mtu mwaminifu. Kila shilingi aliyopokea aliiandika katika daftari lake. Kisha Mwenyezi Mungu akamchukua, Allah amrehemu, na daftari halikuonekana. Mirathi ilipokusanywa, kadi ya pikipiki ilitoka katika sanduku la marehemu ikiwa na jina lake. Mjane alijua ukweli na aliusema. Lakini vijana wakubwa wa marehemu, ambao wameishi mbali miaka mingi, waliona kadi ya serikali yenye jina la baba yao, na sisi tulikuwa na maneno tu.

Hatukutaka kufikishana mbali na familia iliyokuwa bado na msiba. Wazee walikaa, wakasema tuwaachie. Hapo imamu wetu alisema jambo ambalo baadhi yetu hatukulipenda siku ile: kwamba mtu husamehe kilicho chake, na pikipiki ile haikuwa yetu. Aliyetoa kuku wake kwa ajili ya Allah hakutupa sisi ruhusa ya kukigawa alichotoa. Kweli tupu. Hata hivyo tuliiachia, maana hatukuwa na ushahidi wa maandishi wa kuirudisha. Mzee mmoja, aliyekuwa ametoa zaidi ya wengine, aliacha kuja swala ya jamaa kwa karibu mwaka mzima. Hakugombana na mtu. Alikuwa akiswali nyumbani kwake, na kila tulipopita tulisikia aya zake kupitia dirishani.

Ilituchukua misimu miwili ya alizeti kukusanya fedha za pikipiki ya pili. Watu walitoa walichokuwa nacho: wengine gunia la alizeti, wengine asali, na kina mama wa madrasa waliuza kuku wa kienyeji kwa wachuuzi wanaowapeleka Dar es Salaam. Safari hii kila mchango uliandikwa katika madaftari mawili, na la pili lilikaa kwa mtu mwingine. Kabla hata fedha hazijatimia tuliwahimiza wadhamini wa msikiti, ambao tayari wamesajiliwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, yaani RITA, watafute namba ya mlipa kodi kwa jina la udhamini na si la mtu. Kazi hiyo ilichukua muda kuliko kuchanga fedha.

Swali la pili lilikuwa: pikipiki gani? Vijana walishaamua. Kila mmoja alikuwa na picha katika simu yake, na kijana wetu mmoja aliyeko Dar es Salaam alituma bei za huko, akisema ni nafuu na kwamba ataipakia kwenye lori. Tukampigia hesabu ya nauli ya mzigo, na ya mtu wa kuipokea Itigi, na ya kioo au taa itakayovunjika njiani, unafuu ukayeyuka. Kisha tukafanya lile ambalo wanunuzi wengi wa mbali hawalifanyi: tulimwuliza fundi.

Fundi wetu anatengenezea pikipiki chini ya mwembe, kando ya njia. Hakujibu kwa kutaja mashine yenye nguvu wala yenye rangi nzuri. Alitupeleka kwenye banda lake akatuonyesha boksi la vifaa chakavu: cheni, sproketi, sahani za klachi, viatu vya breki, spoki. Akasema, "Hivi ndivyo vinavyokufa. Nunueni ile ambayo vifaa hivi navipata Itigi kwa siku moja, na mnadani kwa siku yake." Huku kwetu maana yake ni Boxer au TVS, zitokazo India, au moja ya zile za Kichina zilizozoeleka. Kama ushahidi alitunyooshea kidole pikipiki kubwa, ndefu, iliyoletwa na mradi mmoja uliokwisha zamani. Injini yake ni nzima hadi leo. Imeegeshwa miaka kwa kukosa kifaa kidogo kisichouzwa popote karibu, na kuku hutagia chini yake. Msomaji anayeishi mjini, jirani na maduka, huenda akacheka. Aliye mbali na duka hununua pikipiki pamoja na fundi wake, na pamoja na barabara yake pia.

Tuliondoka watu watatu: imamu, fundi, na mwandishi wa kamati. Tulikwenda kwa basi hadi Singida mjini. Mji ule ni mji wa mawe na maji ya chumvi. Majabali makubwa yamekaa juu ya majabali mengine kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na maziwa mawili, Singidani na Kindai, yamelala pembeni ya mji, yakipigwa na upepo usiochoka. Wanawe wanajua: Singida ukitundika kanzu asubuhi, adhuhuri unaitafuta kwa jirani.

Katika duka la kwanza tulipokewa vizuri sana. Muuzaji alitukalisha, akatuletea soda, akatueleza kwamba hatuna haja ya kutoa fedha zote. Tungeweza kutanguliza kidogo na kulipa kila mwezi. Imamu aliuliza swali moja tu: tukichelewa mwezi mmoja, deni linabaki vilevile au linaongezeka? Linaongezeka. Basi tukashukuru, tukainuka. Njiani alitufafanulia, na tunaliweka hapa kwa sababu familia nyingi zinaulizia. Kuuza kwa mkopo kwa bei iliyo juu kuliko ya taslimu, wanazuoni walio wengi wameruhusu, maadamu bei ni moja, imekubaliwa siku ya mkataba, na haikui tena. Kinachokua kwa sababu mdaiwa amechelewa ndicho riba. Vijana wetu wanaochukua pikipiki za bodaboda kwa mkataba wangefanya vyema kuuliza swali lile lile kabla ya kushika ufunguo, kwani jibu la karatasi mara nyingine si lile la mdomoni.

Duka la pili lilikuwa na tuliyoitaka. Fundi alipiga magoti, akazungusha magurudumu, akatazama kila nati, akasikiliza injini akiwa amefumba macho. Bei ilikuwa karibu milioni tatu. Tukahesabu noti mezani, noti nyingi za elfu mbili na elfu tano, na karani hakuonyesha kuchoka. Tukapewa risiti ya mashine. Kisha akavuta kiti akauliza, "Naandika jina la nani?"

Tukampa karatasi za wadhamini. Akazisoma, akasema zinakubalika lakini zitachukua siku kadhaa. Kwa jina la mtu tungepata namba upesi zaidi. "Andikeni la mzee imamu," alisema kwa nia njema, "mtabadilisha baadaye." Tulikuwa tumechoka, nauli ya kukaa mjini ilikuwa ikipungua, na tukiri kwamba wawili kati yetu tulimtazama imamu kwa matumaini.

Imamu alitabasamu. "Mwanangu," alimwambia karani, "mimi nina wake wawili na watoto tisa. Wote nawapenda. Usiwaletee mtihani nikiwa kaburini."

Tukalala Singida siku nne. Tulifikia kwa ndugu mmoja wa upande wa mama yake imamu, ambaye hakutaka kusikia habari ya nyumba ya wageni. Jioni tulikwenda kukaa kando ya ziwa Kindai, fundi akitaja gharama tusizokuwa tumezikumbuka: bima ndogo, kofia ngumu mbili, mafuta, oili ya kubadilisha mapema. Siku ya nne namba ikatoka, nasi tukaambiwa kadi itafuata.

Pikipiki mpya haikimbizwi. Kwa kilomita 500 za mwanzo, fundi alisema, injini bado inajifunza. Usiilazimishe, wala usiiendeshe kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kwa hiyo aliiendesha yeye, imamu akiwa nyuma na kanzu ameikunja hadi magotini, na mwandishi akafuata kwa basi hadi njia panda ya Mkiwa, kisha kwa lori. Walisoma dua ya kupanda kipando mbele ya duka, watoto wawili wa jirani wakaitikia "Amin" wakidhani ni dua ya harusi.

Njia yao ilipita Ikungi na Puma, mashamba ya alizeti pande zote, mabasi ya Dar es Salaam yakiwapita kwa kishindo hadi pikipiki inayumba. Mkiwa wakaiacha barabara kuu, wakashika ya Itigi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi. Hapo mawe yanapungua, mchanga unaongezeka, na mtu huanza kusikia harufu ya nyumbani, yaani ya vichaka vilivyokauka. Tuliwakuta chini ya mbuyu, wamezima injini ipoe, wameswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kufupisha, wameelekea kaskazini ambako ndiko kibla cha nchi hii. Fundi alikuwa amevua kofia, kichwa chake chekundu kwa vumbi hadi pale kofia ilipoanzia. Imamu alilalamika mgongo. Alisema Mgunda Mkali bado ni mkali, ila sasa mtu hupigwa kiunoni badala ya kooni.

Walilala Itigi. Hatukutaka wapite kwenye vichaka usiku, kwa sababu ya tembo watokao upande wa mapori ya akiba ya Rungwa, ambao hawajali pikipiki mpya wala ya zamani. Asubuhi walipoingia kijijini madrasa ilikuwa imefungwa. Walimu walishindwa kuwazuia watoto.

Kadi ilifika baada ya wiki tatu, kwa mkono wa kondakta wa basi tunayemfahamu. Ijumaa hiyo, baada ya swala, katibu aliisoma mbele ya jamaa: namba, rangi, na jina la mmiliki, ambalo ni la wadhamini waliosajiliwa wa msikiti. Kisha akasoma waraka mfupi wa wakfu, wenye mashahidi wanne, unaosema pikipiki hii ni ya nini, nani anaiendesha, na ikichakaa fedha zake ziende wapi. Imamu alikumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Nakala moja imebaki kwa wadhamini, nyingine kwa mjane wa marehemu mhazini, kwa ombi letu, naye alilia kidogo alipoipokea.

Yule mzee wa dirishani alikuwa safu ya pili. Alipoitwa kutia saini kama shahidi wa nne aliomba miwani ya jirani, akausoma waraka wote tangu mwanzo hadi mwisho, akauliza tarehe ya Kiislamu mbona haikuandikwa. Ikaandikwa. Akatia saini.

Nje, chini ya mwembe, fundi alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki na kopo la bati, akiitoa oili ya kwanza.